Naanzia wapi kazi ya uwakala wa ajira: ofisi ndogo au kampuni kubwa?

Mhitimu_Dar
Habari zenu wadau. Nimemaliza shahada ya rasilimali watu na nataka kuingia kwenye kazi ya kuyatafutia makampuni wafanyakazi. Nina ofa mbili, zote Dar. Moja ni wakala mdogo, watu saba, wateja wao ni viwanda na wasafirishaji: 450,000 kwa mwezi pamoja na kamisheni. Nyingine ni kitengo cha ajira cha kampuni kubwa ya ushauri: 900,000, hakuna kamisheni. Niangalie nini kabla ya kusaini?

Meza_ya_Usaili
Mkuu, hongera. Jina la ofisi liweke pembeni kwanza, uliza utashika kazi nzima au nusu. Nusu ni kwamba nafasi unaletewa, wewe unasaka waombaji, unawapigia simu na kupeleka CV. Nzima ni pamoja na kutafuta mteja, kupatana naye ada na kufuatilia ankara mpaka ilipwe. Kwenye kampuni kubwa wateja huwa mikononi mwa wakubwa, kwa hiyo unaweza kukaa miaka miwili bila kuongea na mteja hata mmoja. Siku ukihama, unaondoka na ujuzi wa kuchambua CV tu.

Pili, ofisi inalipwaje? Kuna ada inayolipwa mtu akishaajiriwa tu, na kuna ada ya awamu, ambapo sehemu hulipwa kabla kazi haijaanza. Kwenye ile ya kwanza mteja huwapa mawakala watatu nafasi moja, na CV ya mtu yuleyule inamfikia mara tatu. Hapo ugomvi wa nani aliileta kwanza hauepukiki, na wawili kati yenu mmefanya kazi bure. Waulize: katika nafasi kumi mnazopokea, mnajaza ngapi? Asiyejua jibu hapimi kazi yake.

Bi_Mkataba
Nakazia kwenye kamisheni, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Chukua mfano: nafasi ya mshahara wa 3,000,000. Kwa mwaka ni 36,000,000. Ada ikiwa asilimia 15, ofisi inapata 5,400,000 kabla ya VAT, na kamisheni yako ya asilimia 10 ni 540,000. Inavutia. Sasa soma masharti:

- Inalipwa lini? Mtu akiripoti kazini, au mteja akilipa ankara? Wapo wateja wa kukaa nayo siku 90.
- Kuna kizingiti? Kama unatakiwa kwanza uingize mara tatu ya mshahara wako, ni 1,350,000 kila mwezi. Nafasi hiyo moja inafunika miezi minne tu, na hapo kamisheni bado haijaanza kuhesabiwa.
- Mtu akiacha kazi ndani ya miezi mitatu ya dhamana ambayo ofisi humpa mteja, wanakukata kamisheni uliyokwisha kupokea, au unatafuta mbadala tu?
- Ukiondoka, unazuiwa kuwahudumia wateja wao kwa muda gani?

Wakijibu kwa mdomo, omba iandikwe.

Mhitimu_Dar
Asanteni sana. Na viwanda na usafirishaji, ni mahali pazuri pa kujifunzia?

Meza_ya_Usaili
Pazuri sana. Nafasi hazikauki, na sifa zinapimika: fundi umeme wa mitambo ana cheti au hana, dereva ana leseni ya daraja linalotakiwa au hana. Nafasi za "meneja wa mikakati" ngumu kwa mgeni, kwa sababu mara nyingi hata mteja mwenyewe hajui anamtaka nani.

Kinachovunja ofa siku ya mwisho ni mshahara uliotajwa nusunusu. Mteja anasema milioni tatu, mwombaji anasikia milioni tatu mkononi. Piga hesabu naye kwenye simu ya kwanza kabisa: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 300,000. Inabaki 2,700,000, na PAYE (kodi ya mshahara) kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 638,000. Anabaki na 2,062,000. Kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 450,000 nyingine ikiwa milioni zote tatu ni mshahara wa msingi. Mkononi 1,612,000! Asiposikia hilo kwako atalisikia siku ya kusaini, na atakataa.

Pia uliza notisi yake ni siku ngapi, na mwajiri wake akimwongeza mshahara ili abaki, atabaki? Anayesita hapo, endelea kutafuta wa akiba.

Nairobi_Ajira
Nyongeza kutoka huku Kenya, na inawahusu nyinyi pia. Hakikisha wakala amesajiliwa. Kwetu ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwenu kuna sheria ya huduma za ajira ya 1999. Ukikuta ofisi inamtoza mtafuta kazi "pesa ya fomu", usiingie. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa 1997 unaweka wazi kuwa mfanyakazi hatozwi, na wakala wa namna hiyo anakufundisha tabia itakayokufukuzisha kwingine. Na usipeleke CV ya mtu kwa mteja kabla hajakubali. Tanzania mna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, sisi tuna ya 2019.

Bi_Mkataba
Mimi ningechukua ofisi ndogo, kwa sharti moja: mwenye ofisi akuruhusu kukaa naye kwenye vikao vya wateja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Akikataa hilo, chukua ile ya 900,000.

Mhitimu_Dar
Nawapigia kesho asubuhi. Naanza na swali la vikao, halafu kizingiti.