Tumeuziwa "SIRI MPYA" ya kuondoa kitambi, kumbe ni menyu ya muuza majeneza wa 1863!

Wakuu salaam. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa mazoezi ya tumbo. Hapa naongelea utapeli.

Kuna jamaa kajipachika utaalamu wa lishe, jina namhifadhia. Katukusanya kwenye kundi la WhatsApp, kila kichwa elfu thelathini, halafu katurushia PDF yenye mhuri mwekundu: SIRI MPYA, USISAMBAZE. Ndani: acha ugali, wali, chapati, viazi, sukari, maziwa na bia. Kula nyama, samaki na mboga za majani. Imeisha hiyo.

Mpya kwa nani? William Banting wa London, ambaye ukoo wao ndio uliokuwa ukiandaa mazishi ya wafalme wa Uingereza, aliyachapisha hayo hayo mwaka 1863. Mzee alikuwa na miaka 66, urefu kama sentimita 165, uzito kilo 92. Kuinama kufunga kamba za viatu hawezi, ngazi anashuka kinyumenyume. Daktari mmoja akamwambia apige makasia mtoni Thames. Akapiga kweli, njaa ikamshika akala maradufu! Mwishowe akaenda kwa William Harvey, daktari wa masikio, maana alikuwa hasikii vizuri. Harvey akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja hivi akapungua kilo 21.

Sasa sikieni kinachoniuma. Banting alichapisha kijitabu chake kwa gharama zake na kukigawa BURE. Huyu wetu anatoza elfu thelathini, na ukiuliza swali kundini anakutoa.

Halafu kachakachua. Menyu ya Banting ilikuwa na nyama asubuhi, mchana na usiku, mchana anashushia na glasi mbili tatu za mvinyo mwekundu, usiku tena glasi moja au mbili, na kabla ya kulala bilauri ya jini au wiski isiyo na sukari. Kwenye PDF yetu mvinyo umegeuka "maji ya uvuguvugu yenye ndimu". Nani kamruhusu?

Hayo ningemsamehe. Juzi katangaza "awamu ya pili": vidonge vya kuunguza mafuta, bei inbox. Wakuu, filamu hii ilishaonyeshwa Marekani miaka ya 1930. Kulikuwa na dinitrofenoli, kemikali ambayo viwanda vya mabomu vya Ufaransa viliitumia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ikaja kuuzwa kama dawa ya wembamba. Watu walipungua, sikatai. Wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine joto la mwili likapanda mpaka wakafa. Mwaka 1938 serikali ikaipiga marufuku isitumiwe na binadamu. Jana nimemuuliza jamaa vidonge vyake vina nini ndani. Kajibu, "Mitishamba ya asili, ndugu yangu, wewe amini tu." Dakika hiyo hiyo kanitoa kundini.

Kwa hiyo mtaalamu, najua humu unapita. Rudisha hela zetu, utaje kilichomo kwenye hivyo vidonge hapa hapa hadharani. Hela ukiwa umeshakula, basi angalau tuletee mvinyo wa Banting, kila mwanakundi chupa yake.