Masasisho ya kompyuta yanatukatizia kazi ofisini: tuyazime au tuyapangie siku?

Mtunza_Leja (Morogoro):

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo yenye kompyuta 14, na kwa kuwa hatuna afisa TEHAMA, mambo ya mashine nayo yameniangukia mimi.

Tarehe 20 ya mwezi uliopita, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, mwenzangu alibaki ofisini kumalizia jedwali la ankara za manunuzi. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni alitoka kwenda kuswali magharibi. Aliporudi alikuta kile kiduara kinachozunguka, maandishi yanayomtaka asizime mashine, na kazi imefika asilimia 27. Alikaa mbele ya kiduara hicho kwa dakika 50. Mashine ilipofunguka, ankara zote alizoingiza tangu alasiri hazikuwamo, tukaanza kuzisoma upya, mimi nikimtajia namba naye akiandika, hadi tukawasilisha saa tano na dakika 40 usiku.

Kosa ninalijua ni letu. Taarifa ya kuwasha upya ilikuwa imejitokeza kwa siku kadhaa, na kila mara alibonyeza kitufe cha kuahirisha kwa sababu kila mara alikuwa katikati ya kazi. Sasa mkuu wa ofisi ameagiza nizime masasisho yote katika mashine zote. Sina amani na agizo hilo, lakini siwezi kulipinga bila kuwa na mpango mbadala mkononi. Mashine zote zina Windows 11 Pro na Microsoft 365, na intaneti yetu ni ya kifurushi cha mwezi. Naomba ushauri wenu.

Kitunda_Ofisi (Dar es Salaam):

Pole sana. Mimi nilishika njia ya kusitisha. Katika mipangilio ya masasisho kuna sehemu ya kuyasitisha kwa muda usiozidi siku 35, nami nikikaribia kufunga hesabu huitumia. Inasaidia sana, ila mashine hairuhusu usitishe tena mpaka kwanza uweke yale yaliyolimbikana, kwa hiyo mzigo huja kwa pamoja.

Fundi_Raskazone (Tanga):

Ndugu Mtunza_Leja, poleni kwa usiku ule. Agizo la mkuu wako linaeleweka, lakini kabla ya kulitekeleza mweleze yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017, siku kirusi cha WannaCry kilipoingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, siku 59 kabla. Ofisi inayotunza mishahara na ankara za watu haina haki ya kuacha mlango kama huo wazi kwa sababu ya usumbufu wa dakika 50.

Hata hivyo, hofu ya mkuu wako si ya bure. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, lililosambazwa kwa mashine nyingi kwa mkupuo, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na nyingi zilihitaji fundi azifikie moja moja kwa mikono. Kwa hiyo unachohitaji ni sasisho lifike kwenu, lakini lisifike kwa mashine zote 14 siku moja, wala lisifike siku ya kodi.

Fungua kalenda. Masasisho ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za makao ya Microsoft huko Redmond, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Ndiyo maana Jumatano asubuhi, watu wanapowasha mashine, intaneti ya ofisi huwa nzito. Jumanne ya pili haiwezi kuangukia kabla ya tarehe 8 wala baada ya tarehe 14. Linganisha na kazi zako: PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 7 imeshapita, na VAT ya tarehe 20 haijafika. Hiyo ndiyo nafasi yako, na inarudi kila mwezi. Watu wengi huchelewesha masasisho kwa siku 7 kwa kuwa wiki moja inaonekana ni busara, lakini kwa mhasibu wa Tanzania siku 7 huangukia kati ya tarehe 15 na 21, yaani unalileta sasisho mwenyewe hadi kwenye kizingiti cha VAT. Weka siku 3. Litawafikia Ijumaa usiku, na Jumamosi, ambayo daima itakuwa kati ya tarehe 12 na 18, mashine zinawekewa na kuwashwa upya.

Mpangilio wenyewe, kwa kuwa mna toleo la Pro, uko ndani yake tayari (toleo la Home halina mlango huu). Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika gpedit.msc, kisha ingia katika mipangilio ya kompyuta, violezo vya utawala, vipengele vya Windows, hadi Windows Update. Humo utapata mahali pa kuchelewesha masasisho ya kila mwezi hadi siku 30, na yale makubwa yanayobadilisha toleo zima hadi siku 365. Yale makubwa mimi huyachelewesha kwa miezi kadhaa bila wasiwasi wowote. Humo humo unachagua siku na saa ya kuweka: Jumamosi, mchana. Usichague usiku wa manane, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi hakuna mtu wa kuiangalia mashine.

Mashine moja usiicheleweshe. Ipokee Jumatano, na iwe mashine inayofanya kazi zote za ofisi, si ile ya akiba iliyofunikwa kitambaa. Alhamisi na Ijumaa chapa ankara, fungua programu ya uhasibu, fungua jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), jaribu skana. Naanza na printa kwa makusudi: Machi 2021 sasisho la Windows 10 lilifanya baadhi ya mashine zianguke pale tu mtu alipotuma karatasi kwenye aina fulani za printa.

Jambo la mwisho ni lile la saa kumi na mbili na nusu. Kila mashine ina saa za matumizi ambazo ndani yake haijiwashi upya yenyewe, na huenda zenu zilikuwa zinaishia saa kumi na moja jioni. Unaweza kuzipanua hadi saa 18. Katika mashine ya mhasibu weka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku.

Mama_Masjala (Mombasa):

Naongezea kuhusu kifurushi na kuhusu Microsoft 365, kwa kuwa masasisho yake yana njia yake mbali na yale ya Windows. Mwombe anayesimamia akaunti yenu awaweke katika mkondo wa masasisho unaotoka mara moja kwa mwezi, Jumanne ile ile ya pili, badala ya ule unaotoka wakati wowote. Masasisho haya hayawezi kukamilika Word au Excel ikiwa wazi, na ofisini kwetu kuna watu ambao hawafungi Excel kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wafunge jioni.

Kuhusu kifurushi, Windows ina mpangilio unaoruhusu mashine zilizo katika mtandao mmoja wa ofisi zigawiane sasisho, hata nyingine zichukue vipande kwa jirani badala ya kila moja kuvuta yote kutoka nje. Hakikisha umewashwa kwa mashine za ndani ya ofisi pekee. Na yule dada wa ankara, mwambie Excel huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10; ipunguzwe iwe 5, na jedwali lihifadhiwe kwa jina kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mtunza_Leja:

Nawashukuru sana. Hesabu ya siku 3 nimemwonyesha mkuu kwenye kalenda ya ukutani, naye ameiondoa amri yake. Swali langu la mwisho: mashine ya majaribio ikiharibika Alhamisi, nifanye nini na zile 13?

Fundi_Raskazone:

Zisitishe zile 13 siku hiyo hiyo, kwa njia aliyoieleza Kitunda_Ofisi. Kwenye iliyoharibika, nenda kwenye historia ya masasisho na uliondoe la mwisho, kisha ujaribu tena kazi iliyokwama. Likirekebishwa, ruhusu zote Jumamosi inayofuata, ikiwa VAT imeshawasilishwa.

Kabla ya Jumatano ya kwanza, kagua kama diski zenu zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski. Baada ya masasisho mengine mashine huomba ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka, na bila ufunguo huo mafaili hayapatikani. Chapa ufunguo wa kila mashine kwenye karatasi, andika jina la mashine juu yake, uziweke pamoja na hati nyingine ndani ya kabati la chuma.