Nastaafu mwezi ujao, usingizi umeniruka

Nimefundisha hesabu miaka 31. Juzi nimejikuta mbele ya kabati nahesabu mashati ya kazini, kama mtu anayeaga. Hela nimejipanga, kichwa ndicho bado. Wenzangu mlifanyaje?

Jibu: Pole mwalimu. Mwaka 1967 madaktari wa akili Holmes na Rahe waliorodhesha matukio 43 yanayotikisa maisha, kila moja na pointi za uzito wake: kufiwa na mwenzi pointi 100, kustaafu 45. Hata ndoa imo, tena 50!

Jibu: Mimi wiki ya kwanza niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikabaki nimekaa kitandani na viatu mguuni. Chukua likizo siku tano sasa hivi, ishi kama umeshastaafu, uone saa ipi inakuuma. Yangu ilikuwa saa nne.

Muulizaji: Hiyo ya viatu imenichoma. Kesho naomba likizo.