Bluu nzito dhidi ya nyeusi: nani avue jezi?

Refa_wa_Magharibi
Habari zenu wana raga. Naomba ushauri, na mkicheka mcheke kidogo.

Jumamosi nilipangiwa mechi ya ligi ya chini huku Kakamega. Wenyeji wakatoka na bluu nzito. Wageni walifika zimebaki dakika 20 kwa sababu matatu yao ilipata pancha, wakavaa nyeusi yenye mstari wa bluu kifuani. Jezi za pili? "Ziko kwa fundi, refa." Refa ni mimi peke yangu, washika vibendera ni wachezaji wa akiba wa timu zenyewe. Wingu limetanda. Nikasema liwalo na liwe.

Likawa. Dakika ya 12, raki (wachezaji wamerundikana wakigombea mpira ulio chini) mita tano kutoka laini ya wageni, mkono ukaingia ukakwamisha mpira. Nikauona mweusi, nikapuliza, penalti wapige wenyeji. Nahodha wa wageni akanijia kwa adabu zote: "Refa, huo mkono si wetu." Kweli, ulikuwa wa flanka (mmoja wa wachezaji wa mbele) wa wenyeji aliyelala upande usio wake. Nilipokuja kuhakikisha, alama 3 zilikuwa zimeshaingia. Mechi iliisha kwa tofauti ya alama 2.

Mapumziko nikawavisha wenyeji vizibao vya mazoezi vya rangi ya machungwa. Takolo ya kwanza, mtu kuangushwa na mpira, viwili vikachanika. Cha tatu kikampanda propu, yule jitu la mstari wa mbele, hadi machoni. Tena vilifunika nambari. Nilipotoa kadi ya njano ilibidi nimwulize mchezaji yeye ni nambari ngapi. Alinitajia moja, sina hakika kama ni yake.

Je, naweza kukataa kuanzisha mechi? Na ni timu gani inayopaswa kubadilisha?

Kipenga_Kikuukuu
Pole sana, kijana wangu. Hayo yamewapata wakubwa. Kombe la Dunia 2007, tarehe 23 Septemba pale uwanja wa Murrayfield, Skotland, New Zealand walivaa kijivu, na Skotland bluu iliyopakwa mabaka meupe na ya kijivu. Watu walilalamika hawajui nani ana mpira. New Zealand walishinda 40–0, kwa hiyo hakuna aliyelia sana. Na wale walikuwa na watu wa kushughulikia jezi tu. Wewe ulikuwa na matatu yenye pancha.

Nani abadilishe, soma kanuni za mashindano yenu, usiamue kwa mazoea ya mtaa. Kama kutoanzisha: mimi nimewahi kuchelewesha mechi nusu saa, sijawahi kuivunja. Ukishawaambia makocha wote wawili, mbele ya manahodha, kwamba hutapuliza hadi uweze kuwatofautisha, jezi hutokea. Zile za fundi pia hutokea.

Lakini hii kazi ni ya Alhamisi. Wapigie mameneja simu, na usikubali jina la rangi, maana "bluu" ya meneja ni kitu kipana kama Ziwa Victoria. Omba picha ya jezi, kaptura na soksi. Soksi ndizo hasa! Kwenye raki huoni kifua cha mtu. Unaona mikono, migongo na miguu. Afadhali jezi zikaribiane na soksi zitofautiane kuliko kinyume chake.

Ukikwama siku yenyewe, geuza jezi nje ndani. Hizi za polista zilizochapwa rangi huwa karibu nyeupe upande wa ndani. Nambari zitapotea, basi ziandike mgongoni kwa ile tepe nyeusi ya mafundi umeme. Kila timu inayo, si ndiyo wanayofungia soksi? Kumi na moja ni vipande viwili tu. Nane itakutesa.

Na usisahau jezi yako mwenyewe. Mimi hubeba tatu. Siku moja nilivaa njano kati ya timu ya njano na ya kijani, nikapasiwa mpira. Nikaudaka.

Huka_Mstaafu
Niongeze la macho. Mimi sitofautishi nyekundu na kijani, na nilirusha laini-auti, yaani mpira uliotoka nje ya uwanja, miaka tisa. Timu ya kijani ikikutana na nyekundu, nyinyi mnaona sikukuu, mimi naona watu 30 wa rangi ya matope. Takwimu inayotajwa sana ni mwanamume 1 kati ya 12, ingawa hiyo ni ya wenye asili ya Ulaya. World Rugby, shirikisho la raga duniani, walitoa mwongozo kuhusu jambo hili 2021. Refa, ukipokea hizo picha zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Zikifanana hapo, kuna mtu uwanjani hataona.

Dada_wa_Jezi
Mimi ndiye ninayezifua. Mzee Kipenga, kugeuza jezi nje ndani kunaficha jina la mdhamini, na mdhamini wetu huja kila mechi na kiti chake. Nani atamweleza?

Kipenga_Kikuukuu
Wewe, dada. Refa ataeleza alama.

Refa_wa_Magharibi
Asanteni nyote. Nimeshawapigia mameneja wa Jumamosi hii. Mmoja ametuma picha usiku huu: jezi iko kwenye kochi, chini ya balbu ya manjano, na paka amelalia mkono mmoja. Sijui ni nyeusi, bluu au kahawia. Nimemwambia aitoe nje kesho asubuhi, juu ya nyasi, bila paka.