Ndege anatoboa mwembe nyuma ya nyumba, niukate au niuache?

Kijana wa Sakina: Wakuu naombeni ushauri, nimechoka. Hapa Arusha nyuma ya nyumba kuna mwembe wa zamani, mkubwa haswa, sasa kuna kindege anaugonga ko ko ko toka asubuhi mpaka usiku, ashatoboa tundu, wife anasema mti utatuangukia na watoto wanacheza hapo hapo chini. Niukate?

Mama Tausi: Pole baba. Sisi tulikata mparachichi wetu, sasa jua linapiga mpaka jikoni na mume wangu ananinunia utadhani msumeno nilishika mimi.

Mpanda Miti: Huyo ni kigong'ota. Mti mzima hauui, anafuata mabuu na sisimizi kwenye sehemu iliyokauka au kuoza, na kiota anachimba humo humo kwa kuwa ni laini. Tundu liko kwenye shina au tawi? Gonga shina na nyundo, likilia kama debe tupu hapo ndo uogope. Kama ni tawi kavu toa tawi tu, ila subiri makinda yaruke.

Dogo Janja 88: Hivi huyo ndege haumwi kichwa? 😂

Kijana wa Sakina: Ni tawi mkuu, limekauka. Ila watu wa chensoo wanakuja Jumamosi.

Mpanda Miti: Jumamosi? Si ndo unauliza? Mti ni wako?

Kijana wa Sakina: Mi mpangaji. Mwenye nyumba yuko Mwanza, simu hapokei. Jamaa wa matofali kashanipa advansi ya kuni na hela imeenda ada ya shule, sasa mlitaka nifanyeje? Tena namsaidia, ukianguka si nyumba yake?

Mtumishi: Unauza mti wa mtu halafu kesi unamsukumia ndege. Mungu anakuona.

Bundi Macho: Hii chai. Kigong'ota ni ndege wa mchana, jua likizama kashaingia tunduni kalala. Wako anagonga mpaka usiku kwa umeme gani? Leta picha.

Kijana wa Sakina: Nilimaanisha jioni bwana. Kamera ya simu mbovu.

Dogo Janja 88: Sukari iongezwe hapo.

Mama Tausi: Muacheni, ada inauma jamani, mi mwenyewe Januari niliuza friji.

Mzee wa Usa River: Mkuu tuachane na ndege, huyo wa matofali anatoa shilingi ngapi? Nina migrivea miwili hapa, ya kwangu kabisa.