Kwa nini tendoni za jukwaa linaloelea ni mabomba na si minyororo?

Mchomeleaji wa Mtwara
Habari zenu, wakubwa. Mashua zetu za Mikindani hufungwa kwa kamba iliyolegea ili zipande na kushuka na maji. Nimesoma kwamba kuna majukwaa ya gesi yanayofungwa wima kwa mabomba ya chuma yaliyokazwa, yaani tendoni. Bamvua likijaa, hayakatiki? Na hufungwaje?

Mhandisi, Lindi
Ndugu, bamvua likijaa jukwaa halipandi. Mvuto ndani ya tendoni ndio unaoongezeka, na ukubwa wake huwa umekwisha kukadiriwa. Hatari kubwa zaidi ni maji kupwa, kwa sababu tendoni ikilegea kisha ikakazwa ghafla na wimbi, hapo ndipo inapoweza kuvunjika. Jukwaa huundwa likiwa na nguvu ya kuelea inayozidi uzito wake, na ziada hiyo ndiyo inayozikaza tendoni wakati wote.

Bomba linapendwa kwa kuwa, likizibwa likiwa na hewa, na kipenyo chake kikiwa takriban mara 30 ya unene wa ukuta wake, karibu lielee lenyewe. Mnyororo ungekuwa mzigo mtupu kwa jukwaa.

Kufunga huanza na nguzo zinazopigiliwa sakafuni mwa bahari. Meli ya kreni huunganisha vipande vya tendoni kimoja baada ya kingine huku ikivishusha, ncha ya chini ikaingizwa kwenye nguzo, na boya la muda likaishikilia wima. Kisha jukwaa huletwa, hujazwa maji lizame kidogo, hufungwa, na maji hutolewa ili tendoni zikaze. Maboya hayo si jambo dogo: mwaka 2015, katika Ghuba ya Mexico, tendoni kadhaa za jukwaa la Big Foot zilianguka sakafuni baada ya maboya yake kushindwa.

Mchomeleaji wa Mtwara
Ahsante sana, mkuu. Je, zingefaa kwa gesi yetu ya bahari kuu?

Mhandisi, Lindi
Kwa Kitalu namba 2, eneo letu la gesi la bahari kuu, sidhani. Hutton, jukwaa la kwanza la aina hii, lilifungwa mwaka 1984 kwenye kina cha mita 147 hivi, na Big Foot liko karibu mita 1,600. Kitalu hicho kina visima kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, ambako shinikizo la maji hudai ukuta mnene, na bomba nene halielei tena.

Fundi mstaafu
Mdogo wangu, mimi nakuomba uangalie mshono, yaani pale bomba lilipochomelewa. Tendoni huvutwa na kulegezwa kidogo na kila wimbi, mamilioni ya mara, kwa hiyo ufa usioonekana kwa macho upande wa ndani wa mshono hukua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kila mshono hupimwa kwa mawimbi ya sauti nchi kavu, kabla bomba halijapakiwa melini.