Gemu la mikakati kwa laptop ya RAM GB 4?

Kijana wa Sakina, Arusha: Wakuu, nina laptop ya mtumba, bando la kuungaunga. Nataka gemu la kupanga vita, lichezeke bila intaneti.

Binti Majengo, Moshi: Age of Empires II, kaka, toleo la HD la 2013. Lile la 2019 ni zito zaidi. Katika kuchagua taifa la kuchezea, mimi huwachukua Waethiopia, walioongezwa 2015. Askari wao wa shoteli, lile panga lililopinda kama mundu, hutoka kambini upesi mno! Lakini lima kwanza. Chakula kikikata, jeshi halizaliwi.

Kijana wa Sakina: Na Civilization VI?

Mzee wa Njiro: Tamu sana, zamu kwa zamu. Ila ramani ikijaa miji, GB 4 zitahema. Msikilize dada.